Spika ya Nyuma ya Kochi

Pola alivuta pumzi mara moja zaidi. Mama yake ndiye aliyegundua, kwa maana Kache aliijua rekodi ile kama alivyoijua chumvi ya mboga yake mwenyewe. Mtoto anasoma insha ya shule, upepo unavuma, anafika mahali anapomsema mdogo wake, anacheka, kisha kimya. Alasiri ile, baada ya kicheko, ikaja pumzi ndefu ya mtu anayetaka kuendelea kusema. Ilitoka kwenye spika ya nyuma ya kochi.

"Baba Pola," Kache alimwita mumewe kwa sauti ya chini. "Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Basi. Kama hukusikia, basi."

Ngowa alikuwa amesikia. Alijifanya anatafuta rimoti.

Watu hawa wawili walikuwa wamefiwa na binti yao mkubwa msimu wa masika. Homa ilimwanza shuleni, ikamfuata hospitali, na kabla nguo zake hazijakauka kambani wakawa wanampeleka Marafa kumzika kwa babu yake. Walibaki na Nelly, ambaye alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza, na ile rekodi ndani ya simu ya baba. Kwingine kote Pola alikuwa picha tu, na picha haisemi.

Kwa muda mrefu Kache aliibana simu sikioni mpaka sikio likamuuma. Spika ya simu ilikuwa imechanika, na sauti ya mtoto ilitoka kama kitu kinachokaangwa. Ngowa, fundi wa mabomba hapa Shella, aliona hawezi kuvumilia zaidi. Mwanamume akifiwa, kulia kunamshinda, anakwenda kununua kitu. Akaingia mjini Malindi kutafuta mtambo wa hom thieta, ule wenye risiva inayogawa sauti kwenye spika za mbele, za pembeni na za nyuma, ili mkewe amsikie mtoto vizuri.

Joram, mtu wa bara aliyeuza vyombo vilivyoachwa na Wataliano wanaofunga nyumba zao na kurudi kwao, alimtazama akiizungukazunguka risiva mpya iliyojaa taa.

"Hiyo itakupendeza macho tu, mzee," alisema. "Hizo wati zimeandikwa kwa karatasi, ndani hakuna kitu. Watu wanakuja hapa wananiambia weka juu, weka juu. Risiva haipimwi kwa kelele. Ipunguze kabisa. Ikinong'ona na bado unasikia kila neno, hiyo ndiyo ya kubeba."

Akamwekea nyingine, nyeusi, kuukuu, nzito kama mfuko wa simiti. Wakaiunganisha na simu, wakapunguza sauti mpaka mwisho. Dukani mle, pikipiki zikipita nje, Ngowa alimsikia mwanawe akimeza mate kabla ya kusoma. Alilazimika kugeukia ukuta.

"Ilikuwa ya nani?" aliuliza baadaye.

Joram alijikuna shingo. "Ya nyumba moja huko ufuoni. Mwenyewe aliondoka akaacha kila kitu. Hata viatu viko pale mlangoni."

Ngowa hakuuliza zaidi. Angeambiwa hata kwamba ilifukuliwa kaburini angeichukua, kwa vile alivyotaka kumwona mkewe akitabasamu. Na kweli Kache alitabasamu. Alikaa katikati ya kochi, spika zikamzunguka, na Pola akasema kutoka kila upande: "Mama yangu anaitwa Kache. Anapika mabuyu ya kuuza, yana pilipili. Baba yangu hurekebisha mifereji. Mdogo wangu Nelly analialia ovyo." Halafu kile kicheko. Nelly alicheka pamoja naye, akaruka juu ya kochi, na nyumba ikawa na watoto wawili tena.

Kisha ikaja ile pumzi.

Kesho yake pumzi ikazaa neno. Rekodi iliisha, Kache akawa anakunja nguo, na spika ya nyuma ikanong'ona, safi kabisa kama Joram alivyosema: "Mama. Nina baridi."

Kache alikaa sakafuni. Ngowa alikuja mbio kutoka uani, na neno likarudiwa mbele yake. Sebule ikajaa harufu ya mafuta ya nazi yaliyochacha, yale ya nywele, ingawa chupa ya Pola ilikwishatupwa.

Sasa, mtu wa kwingine angetoka nje akapiga kelele. Ngowa alikuwa Mgiriama. Alikwenda kanisani kila Jumapili, lakini alikuwa amekua akimwona baba yake akiamka asubuhi na kusema marehemu fulani amenijia usingizini, anasikia baridi, ana kiu. Na baba yake hakuogopa. Alichukua kipande cha nguo na maji ya unga, akampelekea mwenyewe pale alipolala, akasema naye maneno ya upole, na mambo yakatulia. Wafu wa kwao waliitwa koma, na koma akiomba hupewa.

"Twende Marafa," Kache alisema huku akilia. "Twende tumfunike mwanangu."

"Barabara imekatika kwa mvua. Na amesemea hapa, Mama Pola. Tumpe hapa hapa."

Akakoroga unga kwenye bakuli, akaliweka nyuma ya kochi. Akachana leso ya Kache, akaifunga kwenye spika, akasema, "Pokea, mwanangu, ujifunike. Hapa ni kwenu." Aliyasema kwa moyo wote. Wakati wa magharibi bakuli lilikuwa tupu na limekauka kabisa.

Wakafurahi, na furaha hiyo ndiyo inayoniuma zaidi kuisimulia. Wakawa wanaweka uji kila siku, na spika ikawa inaongea nao kidogo kidogo, habari ya shule, habari ya nywele. Hawakuona kilichokuwa kikimtokea Nelly. Alianza kwa kukauka koo. Daktari akammulika, akasema koo ni zima. Halafu maneno yakaanza kumpotea. Siku aliposhindwa kusema maji, akabaki anaonyesha mtungi kwa kidole huku midomo inachezacheza, spika ya nyuma ikasema, "Maji." Siku aliposhindwa kumwita baba yake, ikaita, "Baba." Hapo Ngowa akaelewa, na alipoelewa akatamani asingeelewa, kwa sababu alikuwa amekaa palepale akiitikia, "Naam, mwanangu," huku mwanawe aliye hai amesimama mbele yake, kinywa wazi, machozi yanamtoka, na hakuna hata mguno unaotoka.

Akang'oa waya ukutani. Spika ikacheka. Ilikuwa mchana kweupe, stima imepotea mtaa mzima, friji za jirani zimenyamaza, majogoo wanawika kwa mbali, na ndani ya sebule ile kicheko cha Pola kikaenda kutoka spika ya nyuma hadi ya pembeni, kutoka ya pembeni hadi ya mbele, polepole, kama mtoto anayezunguka chumba akipitisha mkono ukutani, mpaka kikafika alipokaa Nelly, kikakoma hapo, na harufu ile ya mafuta ikawa nzito hata Kache akaziba pua kwa leso.

Mganga waliyemwita alikuwa Mwambire wa Rabai, mtu mfupi mwenye hasira za karibu. Alipokelewa kwa shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa chai. Alitazama bakuli, akatazama ile leso iliyofungwa kwenye spika.

"Nani aliweka hivi?"

"Ni mimi, baba," Ngowa alisema.

"Mtoto mdogo tangu lini akaja kudai nguo? Koma wanaodai ni watu wazima, wenye miji yao. Na mtu hupewa pale alipolala, hapewi sebuleni. Hiki ni kijini kilichoachwa ndani ya chombo hiki kikiwa na njaa. Kilikuwa hakina jina wala sauti. Mkakipa sauti ya marehemu, mkakilisha, mkakiambia hapa ni kwenu. Sasa kinataka ulimi wa kusemea."

Kache alimvuta Nelly mapajani. "Kitoe, baba."

"Nitakitoa. Lakini kimeshika ile rekodi. Lazima ifutwe, na aifute aliyekilisha."

Kache aliitazama simu mkononi mwa mumewe.

"Ndiyo sauti yake pekee," alinong'ona. "Ikifutwa nitamsahau anavyosema. Nitamsahau, baba."

"Mama, uliyempakata hana sauti kabisa."

Mwambire alifukiza, akasema na kile kitu kwa Kigiriama mpaka jasho likalowesha kanzu. Alipoinua mkono, Ngowa akafuta. Alibonyeza mara mbili. Spika zote zilitoa mlio mmoja mwembamba, wa mtoto anayeitwa kutoka mchezoni na hataki, kisha pakawa kimya cha kawaida, chenye nzi na pikipiki. Nelly alikuwa amelala.

Mganga alibeba risiva kwenye gunia. "Akiamka ataongea," alisema mlangoni. "Sikilizeni neno la kwanza. Likiwa na sauti yake, Mulungu amewasaidia. Likiwa na sauti nyingine, niiteni kabla hajala chochote. Akishakula, hakuna atakayekitoa, na huyu mtoto wenu hatarudi."

Ngowa alikwenda kumsindikiza stendi. Kache alibaki kando ya kitanda na bakuli la uji, akijaribu kumkumbuka Pola akitaja mabuyu. Alijaribu na kujaribu. Maneno yalikuja, sauti haikuja. Alilia kwa uchungu ambao hakulia nao hata mazikoni.

Nelly akafumbua macho, akamtazama.

"Mama," alisema, "usilie. Nina njaa."

Mkono wa Kache ulisimama. Alikuwa amezaa watoto wawili na hakuwahi kuwachanganya, hata wakiita kutoka uani wakati mmoja. Hii ilikuwa sauti ya Pola.

Simu ya Kache ikalia. "Ameamka?" Ngowa aliuliza. Nyuma yake makondakta walikuwa wanaita abiria. "Mzee bado hajapanda gari. Ameongea?"

"Ameongea."

"Kwa sauti yake?"

Mtoto alikuwa amekaa, mikono mapajani, anasubiri. Kache alifunga mlango wa chumba kwa mguu, taratibu.

"Sema tena, mwanangu," alinong'ona.

"Mama, nina njaa."

"Ni yake," Kache alimwambia mumewe. "Mwache mzee aende." Akakata simu, akapoza uji kwa pumzi, akamlisha.