Konzi ya Mkono wa Kushoto

Asubuhi za Hniang hazikuwa na haraka. Moto umeshashika, ukungu bado umelala bondeni, mumewe Cung Mang anapuliza chai yake. Hniang anapima mchele wa siku, na kabla ya kubandika sufuria anachota konzi moja na kuitia kwenye kopo la kanisa, kama wafanyavyo wanawake wote wa milima ile ya Wachin, kabila lake. Na konzi yake ilikuwa nene, ndugu zangu!

"Punguza, mke wangu," Cung Mang humtania. "Mchungaji atashindwa kupita mlangoni."

"Namtolea Mungu, simtolei mchungaji. Kunywa chai yako."

Kisha anaimba, sufuria inachemka.

Siku moja aliinama kuchochea moto, akaanguka. Kiharusi. Hakufa, ila mkono wa kulia ulijikunja kifuani, vidole vikafumba, na mguu ukawa wa kuburuta.

Majirani walikuja na mayai, wakaja na midomo yao pia. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Wifi yake Zing, dada wa Cung Mang, alivuta kigoda, akashusha pumzi.

"Wifi, Mungu hapigi bure. Jichunguze. Huenda kuna jambo hujalitubu."

"Jambo gani?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye unayejua."

Maskini, alidhani anamsaidia. Lakini huruma ya namna hiyo, jamani, afadhali mtu abaki nayo kwake!

Hniang alijichunguza mpaka akachoka. Akafunga mlango. Na lile kopo? Amchotee Mungu kwa mkono wa kushoto, mkono ambao hata jirani humpi nao kitu? Aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Akalifunika kopo kifudifudi. Cung Mang alipotaka kuchota kwa niaba yake, alikaripiwa.

"Acha! Mkono wa kumtolea nilikuwa nao, akaukunja mwenyewe. Kama anautaka mchele, aje ajichotee."

Cung Mang alitoka, akalia nyuma ya zizi la nguruwe. Mkono ule haukumtisha. Alichoogopa ni kwamba mkewe haimbi tena, na kwamba moyo wake unazimika huku yeye akimtazama.

Jumamosi akaja Bibi Ngun Sui, kikongwe anayepita nyumba kwa nyumba kukusanya mchele wa kanisa. Aliliona kopo limefunikwa. Aliomba mafuta, akaketi, akauchukua ule mkono na kuanza kuukanda.

"Mbona huniulizi nimekosa nini?" Hniang alimvamia.

"Kwani mimi polisi? Lete kidole gumba."

Akarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine tena. Hahubiri. Anakanda, anasimulia jinsi nguruwe wake alivyokula kiatu cha kanisani, kisha anabeba kiroba chake bila hata punje ya Hniang. Siku moja machozi yake yalidondoka juu ya vile vidole.

"Unalia nini, bibi?"

"Unakuuma. Naona unavyokuuma."

Watu wote walikuwa wameujadili mkono ule, na hakuna aliyewahi kuulilia.

Ikaja Jumamosi moja bibi hakutokea. Hniang alichungulia mlangoni, akarudi, akachungulia tena. Chai aliyomwekea ikapoa. Cung Mang alikuwa shambani. Mwishowe Hniang akautazama mkono wake wa kushoto.

"Mungu wangu, nimebaki na huu. Usiuchukie."

Akachota konzi, nusu ikamwagika, akachota tena, akaifunga kwenye kitambaa. Akatoka, akateremka kilima akiburuta mguu. Zing alimwona akipita, akabaki mdomo wazi.

"Wifi! Unakwenda wapi hivyo?"

"Kumtazama bibi, leo hakuja, lazima anaumwa. Njoo unishike, acha kunishangaa."

Zing alikuja mbio. Hakuuliza lingine.

Bibi alikuwa amelala na homa. Hniang alimnyooshea kitambaa huku ametazama pembeni.

"Unisamehe, bibi. Ni wa kushoto."

Bibi akatoa mkono wake wa kushoto, akapokea. "Na mimi wa kulia nimeulalia. Tumelingana."

Wote watatu wakacheka, kisha Hniang akalia kwa sauti. "Nilikuwa namngoja Mungu anieleze kwa nini ameniacha. Kumbe kila Jumamosi alikuwa ananikanda mkono!"

Akampikia bibi uji kwa mchele uleule.

Mkono wa kulia haujafunguka mpaka leo. Lakini miguu ya bibi ilipochoka, kiroba kilikabidhiwa Hniang, na sasa ndiye anayepita nyumba kwa nyumba, Zing akiwa kando yake, na kwa mgonjwa hukaa zaidi kuliko kwingine. Ameanza kuimba tena. Cung Mang analalamika kwamba mkewe anaimba mpaka nguruwe wanakosa usingizi, lakini mtazameni uso anapolalamika.

FUNZO

Ukienda kwa mgonjwa, maswali yako yaache nje pamoja na viatu. Ingia na mikono yako. Mungu ana huruma, na mara nyingi huruma hiyo hufika ikiwa imeshika chupa ya mafuta. Nawe uliyepatwa, usifunike kopo lako. Mtolee kwa mkono uliobaki nao. Atapokea.