Mwaija na Lenzi Mpya

Mwaija alikuwa mpiga picha wa harusi mjini Korogwe. Kila Jumapili alirudi nyumbani hoi. Mume wake, Mhina, alimpashia maji ya kuoga, kisha wakala. Kazi zilikuwepo, lakini wateja walinung'unika. Picha za nje zilitoka safi. Za ndani zilitoka na ukungu.

Siku moja alikuja Munira kutoka Kang'ata. Mwaija alikuwa amempiga picha za harusi.

"Dada, bibi yangu amefariki," alisema Munira. "Naomba ile picha tuliyokaa naye chumbani. Hatuna nyingine."

Mwaija alimpa pole, akaitafuta. Siku ile bibi alikuwa anaumwa macho, kwa hiyo Mwaija hakutumia flashi. Picha ilikuwepo, lakini uso wa bibi ulikuwa kama moshi.

Munira aliitazama sana. "Basi, dada," alisema, akaaga.

Jioni Mwaija alishindwa kula.

"Kamera imechoka kama mimi," alimwambia Mhina. "Tuuze mbuzi wote, ninunue nyingine."

"Muulize kwanza mama Vaishali," alisema Mhina. "Yeye ameishi na kamera maisha yake yote."

Vaishali alikuwa na studio ya picha karibu na soko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenyong'onyea hivyo?"

Mwaija alimweleza yote. Vaishali aliichukua kamera, akaichomoa lenzi.

"Hii bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, bado nzima," alisema. "Tatizo ni lenzi. Lenzi ni kama dirisha. Lako ni dogo, mwanga unaingia kidogo. Kamera inakaa wazi muda mrefu kuusubiri, na mtu akitikisika, picha inaharibika."

"Na nikinunua bodi mpya?"

"Itasaidia kidogo. Dirisha litabaki lile lile."

Vaishali aliweka lenzi yake kwenye kamera ya Mwaija. Waliingia chumba cha nyuma, chenye balbu hafifu. Mwaija alimpiga picha. Hata nyusi zilionekana.

"Lenzi hii haivuti karibu," alisema Vaishali. "Utasogea mwenyewe. Na lenga jicho, usilenge nguo. Kabla ya kununua, ijaribu kwenye kamera yako, maana si kila lenzi inaingia. Siku ukipata bodi nyingine ya aina hii, lenzi utaendelea nayo."

Mbuzi mmoja alitosha. Mwaija alinunua lenzi kama ile, iliyokwisha kutumika lakini safi.

Baadaye aliitwa kwenda kupiga picha katika mji wa Hale. Mzee Matayo alikuwa anastaafu, na watoto wake walimfanyia sherehe. Ukumbi ulikuwa na taa chache. Mwaija alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena, jasho likimtoka. Kisha aliikuza picha kwenye kioo cha kamera. Macho ya mzee yalionekana vizuri.

Hosiana, binti wa mzee, alichungulia.

"Baba hachekagi kwenye picha," alisema taratibu. "Hapa anacheka. Tutolee kubwa, tuiweke sebuleni."

Mwaija alivuta kiti cha plastiki, akaketi, akaomba maji ya kunywa.