Sijida ya Korosho

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, watoto wa Nambambo walifika barazani kwa Maalimu Isihaka na mbao zao za kuandikia. Walifagia uwanja, wakatandika mikeka, kisha wakasoma Kurani, kila mmoja na sura yake. Kelele zao zilifika hadi barabarani, ambako malori yaliyobaki ya mradi wa karanga wa Mwingereza yalipita kwenda Nachingwea. Ulikuwa mwaka wa 1952.

Mikidadi, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa na sauti kubwa kuliko wote. Ila sauti hiyo ilikuwa na tabia zake. Mtu mzima akipita njiani, ilipanda mpaka kuku wakakimbia. Akishapita, ilishuka ikasinzia. Swala zake pia zilikuwa hivyo hivyo. Msikitini, mbele za wazee, alisujudu muda mrefu hata wenzake wakadhani amelala. Nyumbani, peke yake, alimaliza kabla maji ya udhu hayajamkauka miguuni.

Jumatatu moja Maalimu alisema, "Jumapili tunakwenda kwenye Maulidi Nachingwea. Ijumaa nitachagua kiongozi wa wanafunzi wote, atakayebeba bendera yetu. Namtaka mwenye ibada, aonekane asionekane."

Mikidadi alisikia "bendera" na "ibada". Hayo mengine yalimpita. Aliitaka bendera ile mpaka chakula kikamshinda, na aliyemtia hofu alikuwa Hasani, kijana mpole aliyejaza mtungi wa udhu kila alfajiri kabla wenzake hawajaamka. Mikidadi alilijua jambo hilo kwa sababu siku moja aliwahi kufika mapema kwa bahati mbaya.

Akafikiri sana. Wazee wenye sijida, ile alama nyeusi ya kusujudu kwenye paji la uso, walipewa nafasi ya mbele kila walikokwenda. Sijida huja kwa miaka mingi ya swala, na Mikidadi alikuwa na siku nne tu. Ndipo akavikumbuka vidole vya dada yake Biasha. Ulikuwa msimu wa korosho, na Biasha, kwa kubangua korosho mbichi, vidole vyake vilikuwa vyeusi wiki ya pili sasa.

Mtoto gani wa kusini asiyejua kwamba mafuta ya ganda la korosho huunguza? Mikidadi alijua, lakini mwenye tamaa hujua nusu nusu. Baada ya swala ya alasiri alijificha nyuma ya ghala, akapasua korosho mbichi, akaligandamiza ganda kwenye paji la uso na kuhesabu hadi mia. Lilimwasha vibaya sana. Akajifariji kwamba sijida si jambo rahisi.

Asubuhi yake alama ilikuwa imetokea. Wazazi wake walikuwa Ruangwa wakipalilia shamba jipya la mikorosho, hivyo aliyeiona kwanza ni bibi yake, Bibi Mwamina.

"Mashaallah! Mjukuu wangu ana sijida!" Bibi alilia kwa furaha, akamshika mkono akamzungusha kijiji kizima. Jirani mmoja alitoa mayai mawili. Mzee mmoja aliomba aombewe mbuzi wake aliyepotea, na Mikidadi akainua mikono, akaomba kwa sauti kubwa. Jioni mbuzi alirudi mwenyewe. Sasa hata Mikidadi alianza kujiogopa.

Lakini korosho haina masihara. Jumatano paji la uso lilivimba, likatoa malengelenge. Alhamisi asubuhi macho yake yalikuwa yamefumba kama ya mtoto wa paka aliyezaliwa jana.

Bibi Mwamina alifika kwa Maalimu akitweta. "Maalimu, mtoto amefanyiwa kijicho! Na mwenye kijicho ni yule Hasani, anaitaka bendera!"

"Tumpeleke kwanza zahanati," alisema Maalimu. "Kijicho tutakizungumza baadaye."

Wakatoka, Bibi akilalamika njia nzima. Mikidadi hakuona hata kidole chake, lakini kulikuwa na mtu amemshika mkono. "Hapa pana shimo, pita kushoto," mtu huyo alimwambia kwa upole. "Inua mguu, kuna mzizi." Walifika nusu ya njia ndipo Mikidadi akaitambua sauti. Ilikuwa ya Hasani. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Dresa, mtibu vidonda wa zahanati, aliitwa Saturnini. Alimtazama mgonjwa mara moja tu. "Korosho," akasema.

"Korosho gani?" Bibi akafoka. "Hiyo ni sijida!"

"Mama, mimi Mkristo, mambo ya sijida siwezi kubishana nawe. Lakini korosho nazijua. Kila msimu watoto huletwa hapa midomo imebabuka. Huyu ni wa kwanza kula kwa paji la uso."

Bibi hakukubali kushindwa. "Basi Hasani ndiye aliyempaka, mtoto akiwa amelala!"

Mikidadi alihisi kwamba Hasani bado amemshika mkono.

"Hilo ni kosa kubwa," alisema Maalimu polepole. "Kama ni kweli, Hasani hatabeba bendera, wala hatakwenda kwenye Maulidi. Mikidadi, ni yeye?"

Neno moja tu lilitakiwa. Akisema ndiyo, bendera ni yake. Akisema hapana, kijiji kizima kitamcheka, pamoja na mwenye mbuzi. Aibu ilimuuma Mikidadi kuliko malengelenge.

"Hapana, Maalimu," akasema. "Nilijipaka mwenyewe, nyuma ya ghala. Nilitaka mnione mcha Mungu. Hasani, nisamehe."

"Yalaa!" Bibi Mwamina akaketi chini. "Na mayai ya watu tumeshakula!" Kisha akainuka, akamwomba Hasani radhi mbele ya wote. Hasani akasema yamekwisha. Saturnini alikuwa ameugeukia ukuta, na mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

Ijumaa Maalimu alimchagua Hasani, na hakuna aliyeshangaa. Mikidadi alipewa kazi ya kukaa nyuma kabisa, pamoja na watoto wadogo tisa na kibuyu cha maji.

Jumapili, macho ya Mikidadi yakiwa yameshafunguka, walitembea. Huko mbele bendera ilipepea na dufu likapigwa. Nyuma, Mikidadi alimbeba mgongoni mtoto aliyechoka, akamtoa mwingine mwiba, na kila lori lilipopita aliwakusanya wote pembeni mwa njia. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Walipofika Nachingwea, mzee mmoja mgeni aliiona bendeji nyeupe aliyofungwa Mikidadi kichwani, akaidhani kilemba. "Ee, sheikh mdogo!" akasema. "Njoo ukae huku mbele na masheikh."

Mkeka wa mbele ulikuwa mzuri, na sahani ya halua ilikuwa karibu nao. Mikidadi aliutazama kwa muda.

"Si kilemba, babu," akasema. "Nilijipaka korosho ili nionekane nina sijida."

Mzee alicheka mpaka akajifuta machozi. Maalimu Isihaka, aliyekuwa nyuma akihesabu watoto, alisikia yote. Alimvuta Mikidadi pembeni.

"Mikidadi, Mtume wetu alifundisha kwamba kila amali hulipwa kwa nia yake. Ulipojiunguza uso, ulitaka macho ya watu, na ukayapata, pamoja na mayai. Uliposema kweli kule zahanati, ulijua utakosa kila kitu, na bado ukasema. Hiyo ndiyo ibada. Na kiongozi si mwenye bendera peke yake. Kiongozi wa watu ni mtumishi wao. Leo umewatumikia watoto tisa, na aliyekuona ni Mungu tu. Je, hilo linakutosha?"

Mikidadi alifikiri sana, maana alikuwa ameapa kutosema uongo tena.

"Bado kidogo, Maalimu," akajibu.

Maalimu akacheka, akamshika bega. "Hata mimi, mwanangu. Kila nikisimama kusoma Maulidi, kwanza naiuliza nafsi yangu: unamsomea Mtume, au unawasomea hawa wenye vilemba? Siku utakayoacha kujiuliza, hiyo ndiyo ya kuogopa. Haya, wahesabu wadogo zako. Naona wanane."

Mikidadi alikuwa ameshaanza kukimbia kumtafuta wa tisa.