Mwamba wa Nyuma ya Chumba cha Mama

Nyuma ya nyumba yetu kuna mwamba mkubwa. Nguo zangu naanika juu yake. Mama mkwe wangu analala chumba cha nyuma, hatua nne tu kutoka kwenye mwamba huo.

Siku moja, nikianua nguo, niliona ufa. Mkono wangu uliingia mpaka kwenye kiwiko. Nilimwita mume wangu, fundi viatu. Alitazama, akafura.

"Huyu ni Mama Kokoto! Nyundo yake ndiyo inatupasulia mwamba!"

Mama Kokoto ni jirani yetu, anaponda mawe ya kujengea. Mume wangu alimfuata bombani, akamtukana mbele ya watu wote. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Kokoto hakurudisha tusi. Alitua ndoo yake. "Twendeni nikaone."

Aliuzunguka mwamba akiugonga kwa nyundo ndogo.

"Shemeji, nani anachoma takataka hapa chini?"

Mume wangu akakohoa. Ni yeye, kila Jumamosi.

"Moto unalitanua jiwe. Likipoa, linasinyaa. Jua la mchana na baridi ya usiku hufanya hivyo hivyo, polepole. Wewe umeharakisha. Na mti huu juu ya ufa?"

"Tuliuacha kwa ajili ya kivuli," nikasema kwa aibu.

"Mzizi uliingia mwembamba kama uzi. Sasa ni mnene kama mkono wangu, unasukuma jiwe huku na huku."

Alikwangua ndani ya ufa kwa kidole. Unga mwekundu ulimwagika.

"Na maji ya bati lenu yanaingia humu. Maji hulila jiwe taratibu, kama chuma kinavyoliwa na kutu. Jiwe gumu linageuka udongo. Mhamisheni mama leo."

"Anajitetea tu huyo!" mume wangu akafoka. "Mama hahami ng'o!"

Hapo nilichemka. Hivi kweli! Ubishi uwe wake, mifupa iwe ya mama yake? Nilijitwika godoro, nikalipeleka sebuleni. Mama alinifuata na fimbo yake, anacheka.

"Mkwe wangu, usisahau redio."

Siku ya tatu mvua kubwa ilinyesha. Saa nane mchana, wakati mama hujilaza kitandani, tulisikia kishindo. Ukuta wa nyuma ulikuwa chini. Bonge la jiwe lilikuwa limekaa pale kilipokuwa kitanda cha mama.

Mama alilitazama jiwe. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Ningekuwa nimeshazikwa. Usingepata hata taabu ya kuchimba."

Mume wangu alilia. Jioni alitaka kwenda kwa Mama Kokoto kimyakimya.

"Thubutu!" nikamwambia. "Ulimtukana bombani, utamwomba radhi bombani."

Alimwomba, foleni nzima ya ndoo ikisikiliza.

"Nimekusamehe, shemeji," Mama Kokoto akasema. "Jumamosi usiwashe moto. Njoo na jembe."

Walichimba mtaro wa kupeleka maji ya bati mbali na mwamba. Takataka sasa tunazifukia shimoni. Chumba kipya cha mama tumekijenga upande wa mbele. Lile bonge Mama Kokoto alilipasua: mawe magumu yakaingia kwenye msingi, yaliyooza akayatupa.

Siku hizi mtu akimlaumu jirani kwa ufa wa nyumba yake, mume wangu humwuliza, "Kwanza, maji ya bati lako yanakwenda wapi?"

Sasa ndiyo anauliza!