Bi Mkubwa Hapatikani

Haki ya Mungu, nikidanganya hata neno moja ulimi huu ukauke kama kiatu cha marehemu. Fundi mwenyewe yuko hai, ingawa siku hizi kakonda hadi kivuli chake kinamzidi unene.

Alikuwa fundi kweli. Kompyuta iliyokufa juzi akiinong'oneza inaamka inapiga chafya. Ofisini kwao kompyuta zilikuwa mia tano, zote zinanyonya apdeti, yale masasisho ya programu, kwenye seva moja kuukuu, kompyuta mama iliyokaa chumba cha nyuma, kubwa kama kabati la bibi harusi. Wakaiita Bi Mkubwa. Kila jioni fundi anaifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, anaipigapiga mgongoni. "Umeshindaje, mama?"

Ikaja seva mpya, nyembamba, inang'aa, imsaidie mwenzake akielemewa. Fundi na mdomo wake usio na breki akasema, "Na huyu ndiye Bi Mdogo." Ofisi nzima ikacheka. Chumba cha nyuma, feni la ile kuukuu likanyamaza kidogo, kama mtu anayetega sikio.

Toka hapo kompyuta ikiomba apdeti inajibiwa: seva haipatikani, jaribu tena baadaye. Umeme upo, waya upo, taa zinawaka. Fundi akimzima Bi Mdogo, Bi Mkubwa anajibu. Akimwasha, kimya. Na chumbani pakaanza kunuka marashi ya waridi, mazito, na chini yake harufu ya nywele zinazoungua.

Marashi yakaenda naye nyumbani. Mkewe akanusa shati.

"Huyu nani?"

"Seva tu, mke wangu."

"Seva. Hana jina la kwao?"

"Tunamwita Bi Mkubwa."

Mke akakaa taratibu. "Yeye ndiye Bi Mkubwa. Mimi sasa ni nani humu ndani?"

Fundi akaapa mpaka mate yakamkauka. Mke akaburuta sanduku lake hadi mlangoni. "Kesho mchana nipeleke nikamwone. Nisipomwona, mimi narudi kwetu."

Kesho yake Jumamosi, ofisi tupu, jua la saa nane. Mke akalitazama lile dude, akasonya. "Kabati ndilo linajipaka marashi?"

"Sema taratibu," fundi akanong'ona, maana alishaona Bi Mdogo kazimika mwenyewe, na taa za Bi Mkubwa zilizokuwa kijani zikageuka nyekundu moja baada ya nyingine, na feni likaanza kuhema kama mwanamke aliyepanda ngazi na hasira zake, na kule nje kompyuta zote mia tano zikajiwasha bila kuguswa na mtu, na katika kila kioo pakaandikwa ABAKI MMOJA, na joto likatoka kwenye matundu likampapasa fundi shingoni polepole, kama vidole.

Wivu wa yule mke, ndugu yangu, ungechemsha bwawa. "Shoga, huyu ana mwenyewe," akasema, akaukamata waya wa umeme kwa mikono miwili, akaung'oa na kipande cha ukuta.

Kimya. Marashi yakakatika. Mke akapepesuka, akashika ukuta, akasema twende nyumbani.

Jumatatu Bi Mdogo akalisha kompyuta zote bila tatizo. Fundi akarudi kwake anapiga mluzi. Sanduku limeshatolewa mlangoni, chakula kimepakuliwa.

"Mke wangu, mbona kimya?"

Mke akamgeukia. Pumzi zilikuwa zinamtoka za moto, zimenyooka, hazipandi wala hazishuki.

"Mke wangu."

Midomo ikafunguka. "Mke wako hapatikani. Jaribu tena baadaye."

Waridi likajaa chumba. Akanyanyuka, akamfuta fundi vumbi begani kwa mkono wa gauni lake, akampigapiga mgongoni.

"Umeshindaje, baba?"

Basi, ukikutana na fundi msalimie yeye peke yake, ya mkewe usiulize. Na haya niliyokwambia yaishie hapahapa, usimpe mtu. Yule bibi hapendi kutajwa na wengine.