Tope Chini ya Madigadi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Evelina alikuwa na kazi moja asiyoipenda hata kidogo: kukwangua tope kwenye baiskeli ya mama yake. Udongo wa mashamba ya Namawala ni mweusi na unanata kama gundi. Ukikauka, kijiti hakitoshi. Sharti uchukue kisu kikuukuu.

Mama yake, Marsiana, alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Alizunguka nyumba kwa nyumba akipima watoto uzito na kuwatafuta wenye homa ili wawahishwe zahanati. Masika yakifika, kuna siku aliisukuma baiskeli muda mrefu kuliko alivyoiendesha.

Mwaka huo mpunga ulikubali. Mama akaamua kununua pikipiki. Leseni alikuwa nayo tayari. Alitaka pikipiki ndogo ya mtindo wa safari: iliyoinuka kidogo, yenye shokapu ndefu na tairi za meno, ipite kwenye madimbwi bila kukwama.

Evelina hakusikia neno "ndogo". Alisikia "safari" tu. Siku hiyo hiyo aliwatangazia wenzake wa darasa la sita kwamba Jumatatu wangeona pikipiki kubwa kuliko zote kijijini.

"Wewe na mama yako?" Anselim alimcheka. "Labda baiskeli yenye honi!"

"Jumatatu si mbali," Evelina alimjibu.

Jumamosi Evelina na mama yake walifika Ifakara mapema, wakakutana na mjomba Viktor, mdogo wake mama. Mjomba aliishi mjini na alijiona anajua kila kitu chenye injini. Akawapeleka kwenye duka moja la pikipiki karibu na soko.

Muuzaji aliitwa Fridolin. Alimpita mama kama anayepita nguzo, akamshika mkono mjomba Viktor.

"Karibu sana, bosi! Unatafuta mashine gani?"

"Anayetafuta ni mimi," mama alisema.

Fridolin alicheka. "Sawa, mama. Lakini mambo ya pikipiki tuwaachie wanaume."

Masikio ya Evelina yalipata moto. Mama yake, aliyevuka maji ya magoti kuwafuata watoto wa watu, alikuwa anaambiwa maneno gani haya? Lakini kabla hasira haijakolea, macho yake yaliangukia pikipiki iliyosimama katikati ya duka. Ilikuwa nyekundu, ndefu kama farasi, na tangi lake liling'aa. Moyo wake ukaruka.

"Hiyo ndiyo yenyewe!" Fridolin alisema. "Mpya kabisa. Juzi tu imetoka kwenye boksi."

Mama aliipanda. Alifikisha chini ncha za vidole tu.

"Ikiangukia topeni, nitaiinua peke yangu?"

"Mama, mbona unawaza kuanguka?"

"Kwa sababu huwa naanguka," mama alijibu kwa upole. "Na spea je? Fundi wetu kijijini, Telesphory, ana sanduku moja la spana, basi."

"Spea zimejaa tele hapa mjini! Usiwe na wasiwasi."

Mama alitazama pembeni, ilikosimama pikipiki ya kijani ya mtindo ule ule, lakini fupi na nyembamba. Fridolin akasonya. "Hiyo ni ya kuchezea watoto."

"Dada, chukua kubwa," mjomba Viktor alisema. "Watu wakuheshimu."

"Mama, chukua hii!" Evelina naye alidakia.

Mama alimtazama binti yake, kisha akamtazama ndugu yake. Evelina aliona uso wa mama ukilegea, kama mtu aliyechoka kubishana peke yake. "Basi," mama alisema polepole, "ngoja nifikirie kidogo."

Kwa furaha Evelina alichuchumaa kuikagua injini. Akapitisha mkono chini ya madigadi ya nyuma. Vidole vyake vikagusa kitu kigumu. Alichungulia. Lilikuwa bonge la tope jeusi lililokauka, na ndani yake kipande cha bua la mpunga.

Alilijua tope lile. Alilikwangua kila siku.

Fundi kijana wa dukani, Festo, alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chenye mafuta. Macho yao yakakutana. Festo akainamisha kichwa.

Evelina alibaki amechuchumaa. Akinyamaza, pikipiki nyekundu itakuwa yao, na Anselim atafunga mdomo wake. Akisema, yote yameisha. Lakini akamwona mama yake kwenye barabara ya mashambani, mvua inanyesha, anahangaika na pikipiki ambayo mtu mwingine ameikimbia. Na huyu bwana wa shati jeupe anajua, tena anacheka! Hasira ikampanda. Akasimama.

"Hii si mpya."

"Nani amemfundisha mtoto huyu kuingilia maneno ya wakubwa?" Fridolin alifoka.

"Evelina, adabu!" mjomba Viktor alimkemea.

"Mjomba, adabu ninayo, na shikamoo nimekupa," Evelina alisema. "Lakini pikipiki iliyotoka kwenye boksi imelima mpunga wapi? Angalieni chini ya madigadi!"

Mama hakuuliza mara mbili. Alipiga magoti sakafuni, akabandua kile kipande cha tope, akakisaga kiganjani. Alipoinuka, upole wote ulikuwa umemtoka. Hakumgeukia Fridolin. Alimgeukia Festo.

"Mwanangu, niambie wewe."

Festo aliweka kitambaa chini. "Ilirudishwa mwezi uliopita, mama. Kuna mfugaji anaitwa Mabula aliinunua. Klachi iliungua, spea ikabidi iagizwe Dar es Salaam. Akachoka kungoja. Tukaitengeneza, tukaiosha."

"Kaka Fridolin," mama alisema, na duka zima likasikia, "mimi nikikwama njiani, anayenisubiri ni mtoto mwenye homa. Ulipokuwa unanidanganya, ulikuwa unamdanganya na yeye. Tena ulinidharau kwanza, ndipo ukapata ujasiri wa kuniibia!"

Mwenye duka, Mzee Nassib, alitoka ofisini kwake kwa zile kelele. Aliposikia habari, uso ulimkunjamana. "Fridolin, mimi nilikuagiza uandike kwamba imetumika. Kibao kiko wapi?" Mzee alichukua kipande cha boksi, akaandika IMETUMIKA kwa herufi kubwa, akakitundika mwenyewe kwenye usukani. Kisha akamwomba mama radhi mbele ya wateja wote, akamwamuru Fridolin naye aombe.

"Radhi nimeipokea," mama alisema. "Sasa nataka kuijaribu ile ndogo. Na safari hii nitaikagua mwenyewe."

Aliilaza uani kwa ubavu, akainama, akaiinua bila msaada. Akamtaka Festo amwonyeshe spea zake, na Festo akaeleza kwamba injini yake ni ile ile ya bodaboda nyingi za bonde lao la mpunga, Telesphory ameizoea. Mama akavaa kofia ngumu, akazunguka nayo kwenye uchochoro wenye madimbwi nyuma ya soko. Alirudi anatabasamu, akahesabu fedha na kuinunua. Mjomba Viktor alikuna kichwa.

"Dada, nilikuwa nachagua ya kwangu," alikiri.

"Hata mimi, mama," Evelina alisema, macho chini. "Niliitaka ile kubwa kwa ajili ya kujivuna shuleni. Nilipoliona tope, nilikaribia kunyamaza."

Mama alimvisha kofia ngumu ya pili, akaufunga ukanda wake chini ya kidevu.

"Lakini hukunyamaza," alisema. "Sikiliza, Evelina. Chombo huchaguliwa kwa njia kitakayopita na kazi kitakayofanya, si kwa macho ya watu watakaokitazama. Anayenunua ili atazamwe ni rahisi kudanganywa, kwa sababu ameanza kujidanganya mwenyewe. Na ukweli ulioushika mkononi ukiuficha, unakuwa umeshirikiana na mwongo. Leo umeusema wakati ulipokuwa unakunyima kitu unachokipenda. Huo ndio uaminifu."

Akawasha injini.

"Shika vizuri. Kuna mtoto wa kupima uzito mchana huu, nami kwa baiskeli sijawahi kufika mapema."