Nyota ya Bati ya Babu

"Mimi? Mimi ndiye niliyeifuta? Kaka, hebu rudia maneno yako nikusikie vizuri!"

"Nani mwingine alifungua sanduku? Si wewe ulisema unaipangusa vumbi?"

"Kwa kitambaa! Kitambaa laini! Kitambaa kinafuta maandishi ya msumari?"

Shangazi alikuwa amesimama katikati ya sebule, mkoba begani, sauti imefika kwa majirani. Baba naye, fundi bati ambaye sauti yake imezoea kushindana na nyundo, alikuwa hapunguzi hata kidogo. Na pale mezani, juu ya kitambaa chake chekundu, ilikuwa nyota yenyewe. Inang'aa kama kioo. Tupu.

Mtoto wake, Chapuchapu, alikuwa nyuma ya kiti cha bibi, anaangalia vidole vyake vya miguu kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

Nyota ile aliitengeneza babu kwa kipande cha bati kilichobaki kwenye kazi yake ya kwanza. Kila Krismasi, kabla ya kuitundika dirishani, alichukua msumari na kukwaruza neno moja tu la mwaka ule. Mwaka wa mafuriko aliandika "Mvua". Mwaka bibi alipopata mashine yake ya kushona, "Cherehani". Na mwaka mjukuu wake alipozaliwa kwa haraka, kabla hata nesi hajavua koti, babu alicheka na kuandika "Chapuchapu". Jina likamganda mtoto mpaka leo, na tabia ikalifuata. Anakula mbio, anaoga mbio, akitoka nje mlango unapigwa mpaka picha zinacheza ukutani. Neno la mwisho babu aliliandika Krismasi iliyopita, kabla ya kufariki, akiwa mgonjwa, mkono unatetemeka: "Asanteni".

Sasa hakuna mvua, hakuna cherehani, hakuna asanteni.

"Basi Krismasi yenu kuleni wenyewe," alisema Shangazi. Akaondoka.

Chapuchapu alitaka kusema. Neno lilifika kwenye meno likarudi.

Ukweli ni kwamba yeye hakuwa na nia mbaya. Pale karakana, baba hakubali kitu kitoke bila kupigwa msasa. Ndoo, mabomba, hata kifuniko cha sufuria. "Mteja ajione uso!" husema hivyo kila siku. Basi Chapuchapu alipoona nyota ina kutu pembeni, akasema atawashangaza watu. Akachukua msasa, tena ule wenye meno makali. Alianza na ncha moja tu. Ikang'aa, akafurahi. Akaenda ya pili, mkono ukapata moto, anapiga mluzi, mbio mbio kama kawaida yake. Aliposimama kupumua, maandishi yalikuwa yamekwisha. Akaifunga kwenye kitambaa chake, akairudisha sandukuni, akanyamaza.

Siku mbili alinyamaza. Chakula hakipandi. Kila akimwona baba, anapitia mlango wa nyuma. Asubuhi ya siku ya tatu alimkuta bibi yuko peke yake, ameishika nyota mapajani.

"Bibi."

"Sema, mume wangu."

Bibi humwita hivyo kwa utani tangu akiwa mchanga. Siku nyingine angecheka. Siku ile alilia.

"Ni mimi, bibi. Nilipiga msasa. Shangazi hakufanya kitu."

Bibi alimfuta machozi. Kisha akaita kwa sauti, "Baba Chapuchapu! Njoo hapa!"

Baba alikuja na mikono yake myeusi. Chapuchapu akarudia yote, hakuruka hata mluzi. Baba akageukia ukuta kidogo. Alipogeuka tena, hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu.

"Na mimi nimemfukuza dada yangu," alisema.

Bibi hakuwa akiwasikiliza. Macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo vitu vingi huviangalia kwa vidole. Alikuwa ameigeuza nyota, anapapasa nyuma, upande uliopakwa rangi tangu zamani, upande ambao msasa haukuufikia. Ghafla akatabasamu.

"Huyu mzee bado yupo," alisema. "Papasa hapa, fundi."

Baba akapapasa. Akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Kumbe! Bati ni jembamba! Mkono wa mzee ulikuwa mzito, msumari ulisukuma mpaka nyuma! Lete karatasi! Lete penseli!"

Chapuchapu aliweka karatasi juu ya mgongo wa nyota akasugua penseli polepole. Mistari ikaanza kutokea, mmoja baada ya mwingine, ila imegeuka kinyumenyume. Baba akaigeuza karatasi, akaibandika kwenye kioo cha dirisha penye mwanga. Wakasoma. Mvua. Cherehani. Chapuchapu. Yote! Bibi alipiga makofi kama msichana.

"Haya," baba akasema, akimpa msumari. "Aliyefuta ndiye atakayeandika."

Kazi ilichukua siku tatu. Siku ya kwanza baba alimsimamisha mara nne. "Unakimbilia wapi? Bati halina miguu." Siku ya pili hakumsimamisha hata mara moja. Siku ya tatu, ikabaki "Asanteni", yenye herufi zilizopinda kama zimelewa.

"Bibi, niinyooshe hii?"

"Thubutu! Iache ilivyo. Ndivyo mkono wake ulivyokuwa."

Akaufuata mtetemeko wote, herufi kwa herufi, ulimi nje, jasho puani. Alipomaliza, baba aliichukua nyota, akaisogeza kwenye mwanga, akaichunguza vile anavyochunguza kazi ya fundi mwenzake.

"Mimi mwenyewe nisingeweza," alisema. Chapuchapu alihisi kifua kimekuwa kipana, shati linambana.

Bibi akamvuta karibu. "Sikiliza, mume wangu. Kukosea ulikosea kwa sababu ya haraka, na hilo tunalisamehe. Kilichotuumiza ni kimya chako, maana kimya kile kilimbebesha mtu mwingine mzigo wako. Lakini ulisema. Usingesema, nisingeigeuza nyota hii kuipapasa. Ningeifunga tu nikaiweka mbali. Kitu kikiharibika mkononi mwako, sema mapema, kisha kaa ukitengeneze taratibu. Hapo hata babu yako angejivunia wewe."

"Shangazi yako nimempigia simu nikamwomba radhi," baba akaongeza. "Anasema kukosewa na mimi ameshazoea tangu utotoni. Anachotaka ni kumwona huyo mwenye msasa."

Chapuchapu akauweka msumari mezani. "Nitaenda."

"Twende wote?"

"Hapana, baba. Hii ni yangu."

Akaifunga nyota kwenye kitambaa chekundu. Halafu akarudi, akachukua na msumari, akautia mfukoni.

"Wa nini?" bibi akauliza.

"Neno la mwaka huu bado halijaandikwa. Nataka aliandike yeye."

Bibi na baba wakatazamana. Baba akakohoa bila kuwa na kikohozi.

Chapuchapu akatoka, nyota kifuani, akaufunga mlango nyuma yake taratibu. Picha hazikutikisika.